Baba Alipovuta Handibreki

Kosa langu lilikuwa kumwambia baba. Ijumaa jioni, tukila obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, nilimweleza kwamba kesho yake ningekwenda kushindana kuendesha gari katika uwanja mmoja karibu na Sigalagala. Koni za plastiki hupangwa uwanjani, kila dereva anazizunguka peke yake kwa njia iliyowekwa huku akipimwa muda, na ukiangusha koni unaongezewa sekunde. Huhitaji gari la mashindano. Unakuja na lako la kwendea kazini.

Baba aliendesha trekta la kuvuta miwa kwa miaka thelathini hadi alipostaafu, kwa hiyo kwake yeye, mtu mwingine yeyote anayeshika usukani ni mwanafunzi. Nina miaka arobaini na moja, nafundisha kemia, na bado nikimpeleka kanisani ananionyesha mashimo kwa kidole. Alinawa mikono, akasema atakuja nami, kwa sababu mimi hukata kona kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Tulifika mapema, tukakutana na mkaguzi. Alikuwa mwanamume mnene mwenye fomu mkononi, na alitaka kila kitu kisichofungwa kitolewe garini. Nilidhani gari ni tupu. Likatoka jembe lisilo na mpini, mwavuli, kiatu kimoja cha mtoto, na maharagwe yaliyomwagika siku niliyotoka kwa shangazi Shinyalu, ambayo niliyaokota moja moja nikiwa nimepiga magoti. Kisha akafungua boneti, akaona betri imefungwa kwa mpira wa baiskeli, akatikisa kichwa. Nikaenda kumtafuta fundi barabarani, nikakaa saa nzima nikingoja bolti mbili. Niliporudi, mkaguzi alisema vifuniko vya magurudumu pia havitakiwi.

“Mbona hukuniambia mara ya kwanza?”

“Hukuniuliza,” akasema, akiandika.

Nilipokuwa kwa fundi, baba alikuwa amezunguka njia yote kwa miguu mara tatu. Waandaaji waliruhusu dereva kubeba mtu wa kumsomea njia, mradi avae helmeti. Mimi sikuwa nimepata nafasi ya kuikagua, nikakubali baba anisomee. Hilo nalo lilikuwa kosa.

Mzunguko wa kwanza, kwenye koni ya nne, baba alisema kushoto huku mkono wake ukionyesha kulia. Mimi nikafuata mdomo. Tulijikuta tumesimama mbele ya hema la chai, watu wakitutazama na vikombe mikononi, na kipaza sauti kikitangaza kwamba gari letu limepotea. Baba alisema ningepaswa kutazama mkono.

Mzunguko wa pili ulianza vizuri hata nikaanza kusahau mambo ya asubuhi. Gari lilikuwa likiitikia, nilikuwa gia ya pili, na ilikuwa imebaki koni moja tu ya kuizunguka kabla ya kumaliza. Hapo baba akanyoosha mkono, akavuta handibreki kwa nguvu zake zote. Nyuma ya gari ikateleza, tukageuka tukatazama tulikotoka, injini ikazimika, vumbi likatuingilia madirishani.

“Baba, umefanya nini?”

“Ulikuwa unaigonga.”

“Ilikuwa mbali, baba.”

“Mama, mimi nimeiona.” Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, na siku hiyo hata hilo liliniudhi.

Nikamwomba ashuke. Sikuwa nimewahi kumwambia baba yangu ashuke mahali popote. Alifungua mkanda taratibu, akavua miwani, akaifuta kwa shati, kisha akakatiza katikati ya uwanja kwa mwendo wa mtu anayekagua shamba. Dereva aliyekuwa akifuata ilibidi azuiwe.

Mzunguko wa tatu niliendesha peke yangu, kwa hasira. Nakiri nilifurahi kwa muda mfupi huo. Sikuwa nimejua kwamba gari linalobeba madaftari na magunia ya mahindi linaweza kukimbia vile. Niliangusha koni mbili, moja nikaiburuta chini ya gari hadi mwisho.

Nilipolisimamisha nilimkuta baba kwenye meza ya usajili, ameshika leseni yake. Kanuni ziliruhusu madereva wawili kutumia gari moja. Mwanamke aliyekuwa akiandika majina akaniuliza, mbele yake na mbele ya foleni nzima, kama mwenye gari anakubali. Ningesemaje? Nikampa baba ufunguo na helmeti.

Aliondoka kana kwamba nyuma yake kuna trela lililojaa miwa. Hakuongeza mwendo wala kupunguza, na mikono yake haikuachia usukani isipokuwa kwa gia. Watu kwenye hema la chai walicheka, halafu wakasogea karibu kutazama, kwa maana alipita kila koni bila kuigusa. Sekunde zangu za adhabu zilipojumlishwa, mimi nilikuwa wa mwisho. Baba alikuwa mbele yangu kwa nafasi moja.

Njia yote ya kurudi nyumbani alinifundisha. Alinieleza koni moja baada ya nyingine, zile alizopita na zile nilizoangusha. Tulipofika Mukumu akaegemeza kichwa kitini, nikadhani amemaliza.

“Hii gari inavutanga kulia,” akasema. “Peleka kwa fundi.”

Nilimwambia gari langu halina shida yoyote. Lilikuwa likivuta kulia tangu mwaka uliotangulia, na nilijua. Jumatatu baada ya vipindi nililipeleka. Fundi akalizunguka, akalala chini yake, akatoka na kuniuliza ni nani aliyegundua, maana dereva wa kawaida huwa hasikii jambo dogo kama hilo. Nikamjibu kwamba ni baba. Akasema mzee anajua magari, na angependa kuonana naye. Nikamwomba atengeneze gari.