Mieleka ya Kwenye Kanda Imetufanya Tusizikane

Ndugu msimamizi wa ukurasa, niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Wasomaji waliozoea kuniona nikiwakaripia vijana kwenye maoni wasidhani nimekufa. Nilikuwa na jambo la aibu nyumbani, na leo nalileta mwenyewe. Naomba jina langu lifichwe.

Nina umri wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu na mkulima wa kahawa hapa Igamba, wilayani Mbozi. Mimi ndiye mkubwa katika nyumba ya marehemu baba, kwa hiyo neno la mwisho la ukoo ni langu. Laiti lisingekuwa langu.

Nyumba yetu na nyumba ya baba yangu mdogo, anayeishi Tunduma, hazizikani. Wao wakifiwa hatuendi. Sisi tukifiwa hawaji. Mtu akisikia hivyo hudhani kuna uchawi au ugomvi wa shamba. Hapana. Chanzo ni mieleka ya Wazungu.

Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana. Baba mdogo alikuwa amerudi kutoka migodini Zambia, na kwa kuwa alisema anajua Kiingereza, mwenye ukumbi wa video pale Tunduma alimwajiri atafsiri kanda. Baba mdogo alikuwa akisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitueleza kila kinachosemwa. Siku ya pambano kuu, bingwa mwenye nywele za dhahabu dhidi ya pande la mtu lililovaa kinyago, nilikwenda na baba, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kutazama video. Baba mdogo akatangaza kwamba mwenye kinyago amemwua mama yake bingwa, na leo kesi inaamuliwa ulingoni. Baba akavua kofia.

Mwishoni mwamuzi aliguswa bega, akaanguka, akalala. Mwenye kinyago akamtwanga bingwa kwa kiti mgongoni, ndipo mwamuzi akaamka na kuhesabu.

"Ameshinda kihalali!" baba mdogo akapaza sauti. "Mzungu anasema hakuna rufaa!"

Kanda ikakatika papo hapo. Baba akasimama.

"Mwongo wewe. Kiti tumekiona wote."

"Kaka, mimi natafsiri anachosema Mzungu. Wewe Kiingereza ulijifunzia wapi, kwenye mibuni?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akaongeza, "Mzee, nenda kapalilie kahawa!" Baba alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida: "Siku nikifa, usishike koleo kwenye kaburi langu."

Katika ukoo wetu, ndugu wa tumbo moja ndiye hutupa udongo wa kwanza. Maneno kama hayo yakishatamkwa hayafutiki. Baba alipofariki, baba mdogo hakuja. Udongo wa kwanza niliutupa mimi.

Sasa baba mdogo anaumwa, na hospitali imemrudisha nyumbani. Anataka azikwe Igamba, kando ya kaka yake. Binti yake alinipigia simu.

"Kaka, baba anaomba aje nyumbani."

"Aje," nikasema.

"Lakini anataka kwanza useme mbele ya ukoo kwamba alitafsiri sawasawa. Anasema hawezi kulala kando ya mtu aliyemwita mwongo."

"Hayo ni maneno ya ugonjwa au ni yake?"

"Ni yake, kaka. Si unamjua?"

Nikamwomba mjukuu wangu wa kike, anayesoma chuo, alitafute pambano hilo kwenye simu. Alilipata kabla chai yangu haijapoa. Nimelitazama lote, na sijapata kuona upuuzi uliopambwa vile. Ngumi zinapita hewani, na aliyekoswa ndiye anayeanguka. Bingwa anaumizwa mguu wa kushoto, kisha anachechemea kwa wa kulia. Wanakumbatiana kama wafiwa, na ukitazama vizuri midomo inacheza: wanaambiana kinachofuata. Mwenye kinyago anakiweka sawa kinyago chake huku eti anapigwa. Mwamuzi ndiye hovyo kuliko wote, maana kabla ya kuanguka anageuka kutazama pa kuangukia. Watoto wa darasa la tatu, kwenye maigizo ya siku ya wazazi, walikuwa wakinidanganya kwa ustadi zaidi.

"Mtangazaji anasema nini hapo?" nikauliza.

"Babu, anawaambia watu wanunue fulana."

"Na mama wa bingwa aliyeuawa?"

"Ameuawa wapi? Mtangazaji anasema ndiye yule pale mbele anapiga makofi!"

Halafu nikaona kilichokatwa kwenye ile kanda ya Tunduma. Mwamuzi wa pili anakuja mbio, anaonyesha kiti, ushindi unafutwa, bingwa anarudishiwa mkanda wake. Baba alikuwa na haki. Nilidhani ningefurahi. Haki ya nini? Wanaume wawili waliojipaka mafuta walikubaliana chumbani nani alale chini, wakalipwa, wakaenda kula. Sisi huku tukasusiana maiti.

Mke wangu ananiambia, "Sema tu, baba watoto. Aliyekasirika ameshakufa." Ndiyo sababu siwezi. Hayupo wa kunijibu.

Jana baba mdogo alinipigia mwenyewe.

"Mwanangu, sijaomba kikubwa. Sema tu kwamba nilitafsiri."

"Baba, Kiingereza ulikijua?"

Nikamsikia akihema. "Cha kuombea kazi nilikijua," akasema. Kisha akaongeza: "Ukumbi ulikuwa umejaa, mwanangu. Ningewaambia nini?"

Akaanza kukohoa, binti yake akaichukua simu.

Ndugu wasomaji, nikisema alitafsiri sawasawa, namfanya baba yangu kuwa mwongo mbele ya wajukuu zake. Nikikataa, mzee atazikwa makaburi ya mjini, na watoto wetu wataendelea kusikia misiba ya ndugu zao kama habari za redioni. Nipeni shauri, nishike lipi? Ila wale wa kuniambia kwamba ulikuwa mchezo tu, wanyamaze. Hilo nalijua kuwazidi. Nikishaamua nitawaandikia. Na baba mdogo akifariki kabla sijaamua, nitawaandikia hilo pia.