Mtoto wa Njia ya Fisi

Nilipokuwa mtoto, kwetu juu ya soko la Merigi, fisi walikuwa wameshaisha. Mashamba ya chai na mahindi yaliwafukuza kabla mimi sijazaliwa. Lakini njia yao ilibaki, kijia chembamba kando ya chai yetu kinachoshuka mtoni, na Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, hakukubali mtu akilime. Baba akisema pale pangetosha kupanda mistari mingine ya chai, Kogo anamtazama tu kama mtu aliyevunja kibuyu cha maziwa.

Kogo alituambia kwamba zamani Wakipsigis hawakuzika watu wao, waliwaachia fisi. Kwa hiyo fisi anajua waliokufa wako wapi, na anaweza kuongea nao. Mama anayefiwa na watoto akipata mwingine, huyo mtoto analazwa kidogo kwenye njia ya fisi, halafu mtu wa nyumba nyingine anapita, anamwokota na kumpa mamake. Fisi watamwombea kwa wafu ili wamwache. Akiishi, anaitwa Chemaget, mtoto wa fisi. Mimi nilisikia hayo nikila viazi jikoni, nikaona ni hadithi kama hadithi zingine.

Mama hakutaka hata kusikia. Alikuwa mtu wa kanisa kabisa, wa kufunga na kukesha. Lakini baada yangu alizika watoto wawili, wote wachanga, wote kabla ya kupewa jina. Akina mama wa kanisa walikuja mara zote mbili, wakaimba, wakanywa chai, wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Niliuchukia sana msemo ule. Mpaka leo mtu akiusema matangani, mimi natoka nje.

Wa tatu alizaliwa wakati wa mvua, msichana, mdogo sana, kifua kikikoroma. Hospitalini walimtibu, wakatupa dawa, wakasema tumlinde na baridi. Tumlinde na baridi, huku kwetu! Kunyonya ilikuwa shida. Na Mama alikuwa akimshika bila kumtazama usoni, anaangalia mlango, anaangalia moto, popote. Alikuwa anaogopa kumjua. Asubuhi moja akamwambia Kogo, "Haya, twende huko kwako." Nami nikawafuata.

Kogo alikuwa ameshaongea na jirani mmoja apite saa hiyo amwokote mtoto. Mama akamlaza kwenye nyasi, amefungwa leso juu ya leso, tukarudi nyuma tukachuchumaa katikati ya chai iliyolowa ukungu. Tukangoja. Jirani hakuja. Baadaye tulisikia ng'ombe wake alikuwa anazaa, na kwetu mtu hawezi kuacha ng'ombe anayezaa. Mtoto akaanza kulia, kile kilio chake chembamba. Mama akainuka, Kogo akamvuta sketi.

"Ukimwokota wewe, umeharibu."

Ndipo akatokea mama mmoja Mkisii, mchuma chai wa shamba kubwa lililo ng'ambo, kikapu mgongoni. Hakujua lolote kuhusu fisi wetu. Alichoona yeye ni mtoto ametupwa.

"Woi, Nyasae, Mungu wangu! Nani amefanya hivi? Nani huyu hana roho?"

Akatupa kikapu, akamwokota mtoto, akamwingiza ndani ya sweta yake, akaanza kukimbia kuelekea kwa chifu. Kogo akatoka kwenye chai na fimbo yake, amelowa mpaka kiunoni.

"Simama! Huyo ni wetu!"

"Wenu? Mnatupa mtoto kwa njia, halafu ni wenu? Wewe mzee, una akili kweli?"

"Hatukumtupa! Ni desturi!"

"Desturi gani ya kuua mtoto na baridi? Twende kwa chifu ukamwambie hiyo desturi yako!"

Ningecheka, haki, kama si Mama. Alikuwa amesimama katikati ya njia, maziwa yamelowesha nguo yake kifuani. Yule mama akamwona na makelele yake yakaisha.

"Ni wako?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Unamtaka?"

Mama akaangalia kikapu kilichotupwa njiani. Mimi nilikuwa nimeshika tawi la chai, nikimwomba moyoni ajibu upesi.

"Hawakai," akasema. "Nawazaa, hawakai."

"Sijakuuliza kama atakaa. Nimekuuliza kama unamtaka."

"Namtaka."

Akanyoosha mikono. Alipopewa mtoto, alimfunua leso akamtazama usoni, akamtazama sana, machozi yakimdondokea. Kisha akasema kwa sauti, "Anaitwa Chemaget."

Kogo akashika kichwa. "Nyamaza! Hilo jina ni la mtoto aliyepona! Unamwita mapema hivi, unataka wamsikie?"

"Leo yuko hai," Mama akasema. "Leo anaitwa."

Chemaget hakumaliza mwaka. Alijua kucheka, alijua kunivuta nywele, halafu ule mkoromo wa kifua ukarudi na ukamshinda. Kogo alisema ni kwa sababu ya jina. Kanisani walisema ni kwa sababu ya njia ya fisi, wakamwambia Mama akae viti vya nyuma kwa muda. Kila mtu alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilimwangukia yeye. Yule mama Mkisii alikuja mazishini. Hakuimba wala kueleza chochote. Alikaa chini karibu na Mama, wakalia.

Tangu siku hiyo Mama alikataa kuitwa Mama Chebet. Chebet ni mimi, mtoto wake aliye hai, niliyemchotea maji na kumpikia alipokuwa hawezi kuinuka. Sokoni Merigi mtu akimwita hivyo, hageuki. Ukisema Mama Chemaget, anaitika. Iliniuma sana, nami si mtu wa kumeza maneno. Nilipokuwa karibu kuolewa nikamwuliza, "Kwani mimi sihesabiwi? Si mimi ndiye niko?"

Alikuwa anachambua mboga, wala hakuinua macho.

"Wewe wako wengi wa kukuita," akasema. "Yeye nikimwacha mimi, ni nani atamwita?"

Nikakaa chini nikachambua mboga naye. Mimi ni mtu mzima sasa. Sikuona fisi wakimwombea mtu, sikuona maombi yakimponya mtu, na siwezi kudanganya kwamba mambo yalikuja kuwa mazuri kwetu, kwa maana Mama hakupata mtoto mwingine. Lakini asubuhi ile kwenye njia ya fisi alimpa mtoto wake jina akijua vizuri kwamba huenda akamzika nalo. Mimi nina watoto wangu, wazima, nashukuru. Wakiugua usiku nawashika, na najikuta naangalia mlango.