Aliyemsahau Mkewe Semarapura

Nimeendesha wageni hapa Bali miaka kumi na moja. Wamenisahaulia simu, viatu, meno ya bandia, hata jivu la marehemu kwenye kopo.

Lakini bwana mmoja alimsahau mkewe. Mke mzima, mwenye miguu miwili.

Na akakaa saa mbili bila kujua.

Naitwa Sukerti. Hao wawili niliwapokea uwanja wa ndege, wametoka Surabaya. Mume anaitwa Danang, mke Nastiti. Mke ni daktari wa meno. Mume, kwa maneno yake mwenyewe, ni "mtu wa maudhui."

Maana yake anajirekodi, basi.

Safari ilikuwa ya siku sita. Ubud kwanza, halafu pwani ya mashariki hadi Amed, halafu kaskazini kule Lovina. Walikuwa wanaadhimisha miaka saba ya ndoa.

Siku mbili za Ubud zilinitosha kumjua jamaa.

Alimtembeza mkewe kwenye tuta la mpunga mara saba, kabeba kapu la matunda kichwani, ili yeye apate picha. Mara ya tano mama wa watu aliteleza, akaingia kwenye tope hadi magotini.

Danang hakumpa mkono. Akasema, "Hiyo ni nzuri, rudia."

Nikajikausha. Mteja ni mteja.

Hotelini akiulizwa swali anaonyesha kidole nyuma, kwa mkewe. "Muulize yeye." Vyumba, tiketi, dawa ya mbu, vyote yeye. Mzee mzima hajui hata analala wapi kesho, lakini akiwasha kamera utamsikia, "Leo nimewapangia safari ya ajabu."

Umepanga nini, bwana wewe? Hata soksi zako hujapanga.

Siku ya tatu tuliondoka Ubud tukaelekea Amed. Njiani tukasimama Semarapura, kwenye banda la zamani la mahakama ya wafalme. Dari yake imechorwa adhabu za motoni. Waongo wanakatwa ndimi, wachoyo wanachemshwa.

Danang alijirekodi chini ya dari, hakuinua macho hata mara moja.

Nastiti alikuja nilipokuwa nakunja mwavuli wangu. Akasema taratibu, kama anayeomba maji.

"Dada Sukerti, mimi nabaki hapa."

"Unabaki kivipi, mama?"

"Nitakaa pale sokoni. Wewe endesha. Akiuliza niko wapi, mwambie hapo hapo, na umrudishe. Asipouliza, nenda naye, tuone."

Nilicheka. Nikajua jamaa atauliza kabla hatujafika taa za barabarani.

Danang akaja, akaketi kiti cha mbele, macho kwenye simu, vidude vya kusikilizia masikioni.

"Twende, Dada."

Nikamwangalia sekunde kumi nzima. Nikawasha gari.

Tukapita taa za kwanza. Tukapita za pili.

Tulipofika barabara ya baharini akacheka peke yake. "Mpenzi, sikia huyu alichoandika." Akasoma, akacheka tena, akaendelea na yake.

Tulipofika mji wa Candidasa akanywa maji, akarusha chupa tupu nyuma bila kugeuka. "Nishikie."

Chupa ikabiringika chini ya kiti. Mimi nimeng'ata midomo, tumbo linauma kwa kicheko.

Kwenye vilima vya mpunga akateremsha kioo akapiga picha. "Pazuri, sio, mpenzi?"

Kimya.

"Nilijua utapapenda," akasema.

Wahenga walisema ukimya ni ridhaa. Hawakumjua Danang. Kwake hata kiti kitupu kinaridhia.

Saa sita na nusu tukafika Amed. Tulitoka Semarapura saa nne na nusu. Dada wa mapokezi akauliza kwa adabu, "Nafasi imewekwa kwa jina la nani, Bwana?"

"Mpenzi, umeweka kwa jina gani?"

Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na mimi na masanduku mawili.

Akaangalia masanduku. Akaniangalia mimi.

"Yuko wapi?"

"Semarapura."

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema twende."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, Bwana Danang."

Nilitegemea ampigie simu, au arudi mbio garini. Unajua alifanya nini?

Alitafuta mahali penye mwanga mzuri.

Akasimama na bahari nyuma yake, akapangusa nywele, akaingia hewani moja kwa moja. "Marafiki, mniombee. Mke wangu amepotea." Sauti inatetemeka, machozi haya hapa. Huyo mtu ana bomba usoni.

Watu wakamiminika, elfu na ushee. Poleni, poleni, Mungu amlinde. Na yeye anasoma salamu zao kwa sauti, moja moja, mpaka akafika kwenye hii:

"Sijapotea. Niko pale pale uliponiacha. Nastiti."

Alishaisoma yote kabla hajaielewa.

Kicheko kilichofuata kwenye ile skrini sitakieleza. Akazima. Shingo nyekundu kama nyanya.

"Turudi tukamchukue," nikamwambia.

Akakaa kwenye kiti cha mwanzi, akavua viatu. "Amenidhalilisha. Mwambie akodi gari aje."

Nikampigia mimi.

"Anakuja?" Nastiti akauliza.

"Amesema ukodi gari uje," nikamwambia. Naye akaelewa.

"Dada, chukua sanduku langu la kijani."

Nilimkuta sokoni Semarapura, amekaa na akina mama wanaosuka visahani vya sadaka kwa majani ya mnazi. Tulipoingia garini nikaanza kumsimulia. Chupa, vilima, "nilijua utapapenda." Nacheka mpaka machozi.

Yeye hakucheka.

"Hii ni mara ya tatu," akasema. "Mbili za kwanza hakuna aliyempangia."

Nikafuta machozi, nikamgeukia.

"Ya kwanza, kituo cha mafuta, njia ya Malang. Nilijiambia ni bahati mbaya. Ya pili ni Kediri, kwenye mazishi ya mama yangu. Aliondoka na rafiki zake wakizungumza habari za kamera. Nilirudi na basi la waombolezaji. Alikuja kugundua alipotaka chai."

Nilikuwa nimecheka kifo cha ndoa ya mtu, kilomita kwa kilomita.

"Nilitaka kuona kama kuna cha kuokoa," akasema. "Tuendelee Lovina, Dada. Nimeshalipia chumba."

Tulikwenda. Siku tatu alikaa kiti cha mbele, akiogelea anaogelea kwa raha yake, hakuna anayemwambia rudia. Danang alipanda ndege kurudi kwao kesho yake. Leo wameachana.

Ile video bado ipo. Hajaifuta. Ndiyo iliyotazamwa kuliko zote alizowahi kutoa, na chini yake ameandika: "Siku ngumu kuliko zote maishani mwangu."

Mtu hasahauliki siku moja, ndugu zangu. Anasahaulika kidogo kidogo, huku amekaa nyuma yako, amekushikia chupa. Geuka umwangalie gari likiwa bado halijaondoka. Ukisubiri mpaka mapokezi wakuulize jina, wewe hufai hata kubebewa sanduku.