Msimu Mama Alipokonda

Harufu ya mawese yakianza kuchemka kwenye sufuria, imechanganyika na vumbi la malori ya mgodi: hiyo ndiyo harufu ya nyumbani kwetu Dilala, huku Katanga, na mpaka leo ikinijia njiani nageuka kuangalia nani anapika. Wakati wa kiangazi baridi ya asubuhi ilikuwa ikiuma vidole, na vumbi lilitua juu ya kila kitu, juu ya majani ya mihogo, juu ya kamba ya nguo, juu ya nywele zetu, lakini jikoni kwa mama palikuwa na joto. Aliamka kabla yetu, akakaanga maandazi ya baba, akachemsha chai na kuitia sukari bila huruma, halafu akatuita. Nyumba yetu ilikuwa moja ya zile nyumba za matofali ambazo kampuni ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake zamani, zimepangwa mistari mirefu na zimekaribiana mno, kiasi kwamba jirani akikaanga samaki ninyi mnajua ni samaki gani. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, baba yangu akawa karani wa bohari, na katika miaka yote hiyo jambo moja halikubadilika: watu walimpima mwanaume kwa mwili wa mke wake. Mama alikuwa na mwili mkubwa, na baba aliheshimika.

Mezani kwetu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusema ameshiba. Bukari, ndivyo tunavyouita ugali huku, uliletwa katika mabonge makubwa yanayofuka mvuke, na ukimaliza bonge la kwanza uliongezewa la pili bila kuulizwa. La kwanza lilikuwa la njaa yako, la pili lilikuwa la kumheshimu aliyepika. Mgeni hakupewa maji, alipewa soda, na kumpa maji ilikuwa kama kumwambia aende zake. Mtoto mnene alipokelewa kutoka mikono hii hadi mikono ile na kupakatwa na kila mama wa mtaa, na sisi wengine tuliulizwa kama tuna minyoo. Kutembea kwa miguu kulikuwa kwa mtu asiye na namna. Mama alipanda pikipiki kwenda sokoni, na soko lenyewe unaliona ukisimama mlangoni. Sitaki kuwacheka. Bibi yangu aliwahi kuiona njaa kwa macho yake, na kwake mwili mnene ulikuwa ushahidi kwamba nyumba iko salama. Hilo ninalielewa vizuri. Kinachonikera ni kwamba njaa iliondoka zake, na sisi tukaendelea kula kana kwamba inarudi kesho.

Nilikuwa nasoma shule ya msingi mama alipoanza kuchoka. Magoti yalimuuma, alihema kama amekimbia hata akiwa ametoka uani tu, alikunywa maji mtungi mzima na bado akalalamika kiu. Siku alipomwita mdogo wangu kwa jina langu akiwa amemtazama usoni, akasema macho yana ukungu, baba akasema aende zahanati. Mimi nilimbebea mkoba. Daktari alikuwa kijana kutoka kaskazini ya Katanga, mpole, anayesema mambo waziwazi, na nilimpenda kwa sababu alituangalia machoni. Alipima, akapima tena, kisha akavuta kiti karibu.

“Mama, sukari iko mingi mu damu, na tansio iko juu sana,” alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambako presha tunaiita tansio. “Huu uzito njo unakulemea. Moyo wako inasukuma damu ya bantu babili, na yenyewe iko moya tu. Kama hautapunguza, siku moya mushipa wa kichwa utapasuka, utaanguka.”

Mama mdogo wangu wa Tenke, dada yake mama, alikuwa ameanguka hivyo hivyo kando ya jiko lake, na hakuamka. Daktari akamweleza la kufanya: nusu ya bukari, mboga nyingi, mafuta kidogo, chai bila sukari, soda aiache kabisa, na kila asubuhi atembee mpaka jasho litoke. Njiani mama alikataa kupanda pikipiki. “Tutembee,” aliniambia, “mi sitaki kufa sawa dada yangu.” Tulitembea mpaka nyumbani, tukipumzika kwenye vibaraza vya watu, na ndipo msimu wetu ulipoanza.

Tulikuwa tunatoka kabla ya shule, mama amejifunga kitenge kifuani juu ya sweta la baba, tukifuata reli ile inayoelekea Mutshatsha. Treni zilikuwa chache, nyasi zimeota katikati ya vyuma, na wachoma mkaa walitupita wakisukuma baiskeli zilizobeba magunia marefu kuliko wao. Mwanzoni mama alisimama kila mara kushika kiuno. Baadaye akawa anasimama ili aniongojee mimi. Alianza kuimba akitembea, nyimbo za Kasai alizofundishwa na mama yake, na pumzi yake haikukatika. Macho yalirudi, kiu ikaisha, akaanza kulala usiku mzima. Jioni moja alipotukuta tunaruka kamba uani, alivua viatu akaingia kati, akaruka, kitenge kikiruka naye, sisi tukipiga makofi na yeye akicheka mpaka machozi. Sikuwahi kumwona mama akiruka kabla ya hapo. Daktari alipompima tena alifurahi kupita sisi, akamwambia aendelee vile vile.

Lakini mtaa una macho. Kwanza ilikuwa utani. “Mama Odette, bwana alikufukuza? Kila asubuhi unatoroka,” walimwambia, na Odette ndiye mimi, basi na mimi nilicheka. Kisha utani ukakoma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtaa wetu ukiacha kukutania ujue unasemwa. Nguo yake ya kanisa, ile sare ya akina mama wote, ilikuwa inamcheza mwilini, na mafundi cherehani wa kwetu wamezoea kuachia mishono, si kubana. Wengine walisema baba ana mwanamke mwingine na chakula kinaishia huko. Wengine walisema mama ana ule ugonjwa ambao watu hawautaji jina, wanateremsha sauti tu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza. Nikikumbuka hilo damu inanichemka, kwa sababu jibu lilikuwepo, lilikuwa linapita mbele ya milango yao kila asubuhi likiimba.

Jumamosi moja walikuja, akina mama wa kanisa, wamevaa sare, na masufuria vichwani. Aliyewaongoza alikuwa Mama Berta, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye moyo mzuri kweli, na hilo ndilo linalonishinda mpaka leo, maana mtu mbaya ungemfukuza. Walijaza meza yetu kuku wa mawese, samaki wa kukaanga, wali, maandazi, na chupa za soda zenye jasho la baridi. Wakaimba, wakaomba. Kisha Mama Berta akaushika mkono wa mama, akauzungushia kidole gumba na kidole cha kati hapo kwenye kifundo, na vidole vikakutana. Aliwaonyesha wenzake. Wote wakatikisa vichwa kama watu walioonyeshwa jeneza.

“Mama Odette, utatuficha mpaka lini?” aliuliza.

“Siko mugonjwa,” mama alisema. “Nilikuwaka mugonjwa mbele. Sasa njo niko muzima. Dokta njo aliniambiaka nipunguze.”

“Dokta gani anaambia muntu akonde? Badokta banatafutaka bantu bakonde bapate kazi.”

Wengine walicheka, lakini hawakuondoka. Walikaa wakisubiri kumwona akila. Mama alimtazama baba aliyesimama mlangoni, na mimi pia nilimtazama, nikijua atasema neno, maana yeye ndiye aliyekuwa anasikia usiku jinsi mama anavyopumua vizuri. Baba alimwita chumbani. Ukuta ule haukuficha kitu.

“Mi najua uko muzima,” alimwambia kwa sauti ya kubembeleza. “Lakini ku kazi banasema sikulishake. Mukubwa wangu aliniitaka, akaniuliza kama mu nyumba iko matatizo. Kula kidogo tu, Mama Odette, bamalize maneno.”

Mama alirudi akakaa. Alikula kuku, akala wali, akanywa soda mpaka mwisho, na wale akina mama walipiga vigelegele.

Walikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, kila mmoja kwa zamu yake. Unamrudishaje mtu aliyekuja na chakula? Mtu akikuletea matusi una njia ya kumjibu, lakini sufuria ya moto iliyofunikwa kitambaa safi utaifanya nini? Mama akaacha reli, kwanza siku moja moja, kisha kabisa. Chai ikarudishiwa sukari. Mwili ukarudi, na zaidi, na watu wakampongeza baba barabarani. Siku moja wakamwita mama mbele kanisani atoe ushuhuda kwamba Mungu amemrudishia mwili wake. Alisimama pale na sare iliyoachiwa mishono upya, akasema maneno machache ambayo hakuna aliyeyasikia, na kwaya ikaimba.

Nilikuwa karibu kumaliza sekondari alipoanguka, jikoni, mwiko mkononi. Hakufa kama dada yake. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanatoka moja moja kama ya mtoto. Akina mama walikuja hospitali, wakasimama kuzunguka kitanda, na mmoja wao akasema kwa faraja ya kweli, “Mungu ashukuriwe, hata hivyo hakukonda.” Nilitoka nje. Sikuweza kulia, nilikuwa na hasira mno.

Sasa mimi ni mwalimu hapa hapa Dilala. Mji umekuwa mkubwa, malori ya mgodi hayahesabiki, na kila kona kuna sanduku la barafu limejaa soda. Watoto wangu wa darasani wanaletwa na pikipiki kutoka nyumba ninayoiona dirishani, na anayenona, mama yake ndiye anayesifiwa. Zamani tulikuwa tunawajua kwa majina watu wachache wenye sukari. Siku hizi, katika chumba cha walimu, tunauliziana dawa kama watu wanaoombana chumvi. Mwaka jana daktari mwingine, mwanamke, aliniambia kwamba sukari yangu imefika mpakani, na akanipa maneno yale yale. Nikarudi kwenye reli, peke yangu. Nimepungua. Na wameshaanza, hata wenzangu waliosoma, wananiuliza kama kuna matatizo nyumbani, na Jumapili iliyopita mmoja alinisimamisha nje ya kanisa akaniambia kwamba akina mama wanapanga kuja kunitembelea.

Nilikwenda moja kwa moja kwa wazazi wangu, nimekasirika. Baba alikuwa anamlisha mama uji, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu, kama anavyofanya kila siku tangu alipostaafu. Hatujawahi kuzungumza kuhusu Jumamosi ile, mimi na yeye. Nilikaa kando ya mama, nikamwambia yote, na nilipotaja akina mama na masufuria, mkono wa baba ulisimama hewani na kijiko chake. Mama alinyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akashika kifundo cha mkono wangu, akakizungushia kidole gumba na kile cha kati. Vidole vilikutana. Nikajua anachotaka kusema, nikajiandaa kuambiwa nile. Alihangaika na mdomo wake uliopinda, mara ya kwanza sauti haikutoka, akavuta pumzi akaanza tena.

“Bakileta chakula,” mama alisema, neno moja moja, “funga mulango.”