Kompyuta yetu moja ilivyoshikwa na hesabu ya kwa nini tunachelewa (Kigali, 1992)

Wakuu, salaam. Nimesoma nyuzi zenu za project zinazochelewa, nikaona nami nieleze yaliyotukuta. Siongezi chumvi. Nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Mume wangu, Silas, tumemzika mwezi uliopita. Habari hii ni yake, na bado inaniudhi kama ya jana.

Mwaka 1992 tulikuwa kwenye ofisi moja ndogo, tukitengeneza programu ya mishahara kwa ajili ya ghala la kahawa. Silas ndiye aliyeandika programu. Mimi, mwenye shule ya msingi na cheti cha kupiga chapa, niliingiza majina na saa za kazi, kisha nikaangalia kama hesabu inatoka sawa. Siku hizi mnaita testing.

Kompyuta iliyofanya kazi ilikuwa moja. Moja, wakuu.

Tulikuwa tunachelewa, hilo kweli. Bosi wetu, tuliyemwita Patron, akamleta mtaalamu aliyesoma Ulaya. Akaja na simulation, mwenyewe akiiita modeli. Maana yake unaigiza kazi ya ofisi ndani ya kompyuta: programu inaandikwa, inajaribiwa, inarudi na makosa, inarekebishwa. Mashine inabahatisha kila hatua itachukua muda gani, inarudia tena na tena, halafu inakuambia mnakwama wapi.

Niseme haki, mwanzo ilisaidia. Ilionyesha tunakwama kwa sababu nilikuwa napewa programu nzima mwishoni. Silas akaanza kunipa vipande vipande, makosa yakaonekana mapema. Alifurahi sana.

Laiti tungeishia hapo! Patron akanogewa. Je, wakiwa waandishi wawili? Watatu? Mama huyu akijaribu asubuhi tu? Kila swali, mashine inakaa inahesabu, na ukiizima katikati unaanza upya.

Sasa sikieni.

Jumamosi ile tulikuwa tunakwenda Rebero kumposea mdogo wake Silas, Faustin. Kwetu upande wa kijana huenda na msemaji. Baba yao alishafariki, kwa hiyo msemaji ni Silas. Asipofika angesimama mjomba wao, mtu anayeweza kugombana hata na kiti.

Patron alisema: rekebisha kwanza hesabu ya saa za ziada, ndipo uende. Kazi ya asubuhi moja tu.

Alhamisi, mashine iko na modeli. Ijumaa, modeli. Jumamosi tunafika ofisini, Silas kavaa suti, modeli bado inahesabu.

"Patron, naomba mashine kidogo."

"Ngoja. Iko na kazi."

"Kazi gani, Patron? Inahesabu kwa nini sisi hatufanyi kazi!"

Mtaalamu, kwa upole kabisa, akamwonyesha karatasi: kwa mujibu wa modeli, marekebisho yale yalipaswa kuwa tayari tangu jana.

Silas akaisoma. "Dokta, humu umeweka kompyuta ngapi?"

"Moja."

"Na modeli yako inakaa kwenye ipi?"

Yule bwana akaikunja karatasi yake. Naamini alielewa. Aliyefoka ni Patron: "Ukitoka mlango huo, usirudi!"

Silas akanigeukia. "Mama Aline, twende."

Tulimkuta mjomba ameshasimama, ameshamkosoa baba wa binti kuhusu mpangilio wa viti. Silas akamshika mkono, akamkalisha taratibu, akaomba radhi, akawachekesha wenyeji, akaomba mchumba. Tukapewa.

Kazi yetu pale ikaisha hivyo. Jumatatu watu wa ghala walikuja, saa za ziada hazijaguswa. Nasikia walionyeshwa karatasi za modeli. Jamani!

Nilichojifunza: modeli ni kitu kizuri, lakini anayepima kazi naye anakula muda wa kazi. Ajihesabu humo ndani. Na ikishawapa jibu, lifanyieni kazi, msiendelee kuiuliza maswali ya kujifurahisha.

Jingine ni fupi. Wengi waliokuwa uwani siku ile ya posa, Faustin na mchumba wake wakiwamo, hawakuuvuka mwaka 1994. Silas alikaa muda mrefu bila mshahara, na watu walimcheka kwa kuacha kazi kwa ajili ya posa. Hakuwahi kujibishana nao. Aliniambia mimi tu, miaka mingi baadaye: "Faustin aliniona nikiingia pale."

Nanyi mliowahi kuchagua hivyo, andikeni hapa chini. Nasoma zote. Nyumba imekuwa kimya.