Siku Tulipofungua Pikipiki ya Elijah

Iko asubuhi moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu. Nilikuwa na miaka kama thelathini, naendesha boda pale Rongai, kwenye barabara ya kwenda Eldoret. Nilifika steji nikasalimia kama kawaida yangu, "Niaje, wakubwa?" na hakuna aliyeitika. Wenzangu walikuwa wameuzunguka moto wa makaratasi, mikono mbele, na wote waliendelea kuutazama ule moto kana kwamba mimi sijafika.

Mwishowe chairman wa kikundi chetu akaniuliza, "Zakayo, hujasikia habari za Elijah?"

"Habari gani?"

"Eti habari gani," mmoja akasema pembeni, akatema mate.

Elijah alikuwa jirani yangu. Tulipanga ploti moja, ukuta mmoja katikati yetu, na pikipiki zetu zililala pamoja katika kibanda cha kuni nyuma ya nyumba. Siku iliyotangulia, alfajiri, pikipiki yake ilikuwa imezima ghafla alipokuwa akiingia barabara kuu, amembeba mama mmoja na magunia yake ya sukuma wiki. Nyuma yao lori la mahindi lilikuwa linashuka. Elijah aliitupa pikipiki mtaroni. Yule mama alitoka na mikwaruzo tu, lakini mguu wa Elijah ulivunjika chini ya goti. Mimi nilikuwa Gilgil, kwa dada yangu, tangu jioni ya kabla ya ajali, na asubuhi ile nilifika steji moja kwa moja kutoka huko. Sikuwa najua lolote.

Kule kutokuwepo kwangu ndiko kulikonitia hatiani zaidi. "Aliondoka jioni," walisema, "kazi ameshaimaliza."

Ngoja nikueleze kwa nini walinishuku, maana hawakuwa wajinga, na ningekuwa wao pengine ningefikiri vivyo hivyo. Pikipiki ya Elijah ilikuwa imesumbua majuma kadhaa. Ikikohoa na kuzima, ilizima asubuhi tu, akitoka nyumbani. Akiipeleka kwa fundi mchana, inanguruma vizuri kama imetoka dukani. Fundi huyo aliitwa Tito, alikuwa rafiki yake, karakana yake ilikuwa karibu kabisa na steji. Tito alipima akasema, "Hii haina shida. Inaharibika ikilala. Wewe jiulize inalala na nani."

Sasa fikiria. Inalala na yangu. Katika ploti nzima mimi peke yangu nilikuwa na spana ya kufungulia plagi ya injini, kwa sababu napenda kuhudumia pikipiki yangu mwenyewe nyumbani. Na Elijah akikwama asubuhi, abiria wake wa kila siku, karani mmoja wa ghala la nafaka, alikuwa akipanda yangu. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna aliyeongeza uongo hata kidogo. Waliyapanga tu, na yalipopangwa yakatoa sura yangu.

Nilirudi ploti. Mke wa Elijah, Ruth, alikuwa anaanua nguo, akaziacha nusu kwenye kamba na kuingia ndani. Watoto wake waliokuwa wakicheza na wangu waliitwa kwa sauti ya ukali. Jioni nilimkuta amefunika mtungi wake wa maji kwa sufuria, na juu ya sufuria ameweka jiwe. Maji, mwanangu! Walidhani nitawawekea kitu.

Shuku ni kitu kinachoambukiza. Baada ya siku mbili nami nilianza. Nilijiuliza kama Elijah mwenyewe hajiharibii pikipiki ili nifukuzwe. Nikamshuku yule karani. Nikamtazama hata mke wangu anavyosonga ugali kimya, nikajiuliza, huyu naye anawaza nini? Nilikuwa nikiingia kibandani kuikagua pikipiki yangu, halafu natoka haraka nisije nikaonekana humo.

Chairman akatangaza kwamba Jumamosi tutakutana steji, kila mtu aje, na mimi nije. Nilimuuliza kijana mmoja tuliyezoeana kama kuna ubaya. Hakunitazama usoni. Alisema, "Boss, mimi ningekuwa wewe singekuja. Kuna watu wanaongea mambo ya petroli."

Unaelewa maana yake, kuchomwa moto. Umeona vile makundi yetu hufanya mtu akishikwa na lawama kabla polisi hawajafika.

Ijumaa nilifunga nguo zangu kwenye mfuko. Nilimwambia mke wangu atanifuata Gilgil nikishatulia. Nilikuwa natoa pikipiki langoni ndipo Nyanya Loise alipotokea. Huyo alikuwa mwenye ploti, mjane, mzee kuliko nilivyo mimi leo, mwanamke wa maneno machache ambaye alijua kila mpangaji anaamka saa ngapi. Alisimama katikati ya lango.

"Unaenda wapi na mfuko?"

"Gilgil, Nyanya. Watu wananishuku bure."

"Hata mimi nakushuku," akasema.

Nilitegemea kila neno ila hilo. Nilihisi machozi. Nikamwambia, "Hata wewe? Mimi nimekaa kwako muda huu wote!"

"Sasa ulitaka nikudanganye? Kibanda ni kile, spana ni yako. Sijui kama ni wewe. Sijui kama si wewe. Lakini ukitoka kwa lango hili leo, nitajua. Na watoto wako watakua wakiambiwa baba yao alikimbia." Akaushika usukani wa pikipiki yangu. "Kama hukufanya, kwa nini unaogopa pikipiki ya Elijah ifunguliwe?"

"Ifunguliwe na nani? Tito ameshaifungua."

"Na wewe. Hapa nyumbani, mchana, wote wakiangalia. Nataka kuona kwa macho yangu. Sitaki kuambiwa na Tito, na sitaki kuambiwa na wewe."

Mwanangu, nilirudisha ule mfuko ndani. Sikurudi kwa ujasiri. Nilirudi kwa sababu yule mzee hakuniachia lango.

Kumbe alikuwa ameshaongea na chairman, ule mkutano ukahamishwa ukaja kwetu. Jumamosi uwanja wa ploti ulijaa. Elijah alitolewa nje akakalishwa kwenye kiti, mguu wake umenyooshwa na plasta nyeupe hadi pajani. Pikipiki yake, tangu iokotwe mtaroni, ilikuwa imefungiwa ndani ya chumba cha Nyanya Loise, na ufunguo ulikuwa kwenye kitambaa kiunoni mwake. Taa ilikuwa imevunjika na usukani umepinda, lakini injini ilikuwa nzima. Alituamuru tuisukume kibandani, kwenye giza kidogo. Watu wakasimama mlangoni wakichungulia.

Nilianza na plagi. Niliishika kofia yake, wala si waya, nikaichomoa. Nikapuliza vumbi lote pembeni ili mchanga usianguke ndani ya injini. Nikaingiza spana, nikaifungua polepole, nikaitoa na kumpa chairman aitazame. Ncha yake ilikuwa na rangi ya kahawia kama biskuti, rangi ya plagi isiyo na ugonjwa.

"Hiyo anaweza kuwa amebadilisha," mtu akasema.

Nyanya Loise akatoa plagi mpya mfukoni. Alikuwa ameinunua mwenyewe mjini Nakuru, kisanduku bado kimefungwa. Alimpa Elijah akifungue, maana hakutaka mkono wangu ukiguse kwanza. Niliianzisha kwa vidole mpaka ikakaa sawa, ndipo nikaikaza kwa spana, kidogo tu. Nikarudisha kofia. Nikapiga kiki.

Ikawaka mara ya kwanza.

Tito akacheka mlangoni. "Si niliwaambia? Mashine haina shida. Shida ni mtu."

Nilisikia watu wakisogea. Nilijua ile sauti ya viatu, ndugu wakisogea kukukaribia bila kusema. Sikujua la kufanya tena, nakwambia ukweli. Mimi nilikuwa nimetegemea plagi tu.

Aliyeniokoa ni Elijah, na hakukusudia. Alisema kutoka kitini, kwa hasira, "Hivyo ndivyo inavyofanya mchana! Asubuhi kukiwa na ukungu ndiyo inanitesa."

Ukungu. Niligeuka. Kulikuwa na beseni la maji kando ya mlango. Nililowesha kitambaa nikakikamua juu ya injini, taratibu, matone madogo madogo, kuanzia kwenye kofia ya plagi nikifuata waya unavyopanda kuingia chini ya tangi. Injini ikaendelea kunguruma. Nikanyunyiza ndani zaidi, kule chini ya tangi ambako hakuna anayeangalia.

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Na ndani ya lile giza la kibanda tukaona cheche ya buluu ikiruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma cha fremu, tik, tik, tik, halafu injini ikazima.

"Yesu wangu," Ruth akasema.

"Toa tangi," chairman akaamuru.

Tuliondoa kiti na tangi. Katika pikipiki zile, koili, kile kifaa kinachotoa moto wa plagi, huja pamoja na waya wake, kitu kimoja kutoka kiwandani. Pale tulipata waya umekatwa katikati na kuungwa na kipande cha zamani, mpira wake umepasuka kama kisigino cha mkulima, na kiungo kimezungushiwa utepe mweusi. Jua likikausha, moto unapita na kufika kwenye plagi. Ukungu ukiingia kwenye utepe, moto unaruka njia. Ilikuwa hivyo tu. Hakuna mkono wa usiku, hakuna wivu, hakuna karani.

Elijah aliletewa ule waya pale kitini, akaugeuza mkononi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Tito. Uliniambia umeniwekea koili mpya."

"Niliikuta hivyo," Tito akasema.

"Uliniambia ni mpya."

Hapa ndipo nataka unisikilize sana. Niliwaona wale watu wakigeuka. Macho yale yale yaliyokuwa yananitazama mimi, sasa yalikuwa kwa Tito, na hayakuwa yamebadilika hata kidogo. Walikuwa na hasira waliyoibeba kutoka nyumbani, na ilihitaji mahali pa kutua. Mtu akamshika Tito ukosi. Mwingine akaanza kuniambia, "Pole, ndugu yangu," huku anakunja mikono ya shati.

Sijui nilipata wapi nguvu. Nilisimama mbele ya Tito na spana bado mkononi. Nikasema, "Juzi mlikuwa na hakika ni mimi. Leo mna hakika ni yeye. Mwacheni aongee."

Nyanya Loise akaongeza, "Na atakayempiga mtu katika ploti yangu nitamtaja kwa polisi kwa jina la babake."

Tito aliachwa akaongea. Alisema alikosa koili ya aina ile, akaunga waya kwa muda, akasahau. Aliposikia pikipiki inasumbua aliogopa kusema. Alilazimishwa na kikundi kununua koili mpya mbele ya chairman, na kumhudumia Elijah mpaka akatembea. Baada ya hapo alihama Rongai. Mpaka leo sijui kama alinitupia lawama ili ajifiche, au kama aliogopa hadi akaamini maneno yake mwenyewe. Nimejiuliza miaka mingi. Nimeliacha hivyo hivyo.

Elijah aliniomba msamaha siku ile, na nilikubali. Lakini usidhani urafiki ulirudi kama zamani. Alipopona alinikabidhi pikipiki yake nimbadilishie plagi, na alikuja akasimama nyuma yangu muda wote, akiangalia mikono yangu. Nami sikumlaumu. Nilikuwa namwambia, "Sogea karibu, uone vizuri."

Basi, mwanangu, kwa kuwa nawe sasa unaingia barabarani na pikipiki yako, nisikie. Jifunze kuifungua mashine yako mwenyewe, plagi na waya mpaka unakoishia, hata chini ya tangi. Fundi akikutengenezea, muombe akuonyeshe alichotoa na alichoweka, na usione haya kuuliza. Sikuambii usimshuku mtu. Dunia ina watu wa kushukiwa. Lakini shuku yako ukiipata, ipe kazi ya kuangalia kabla hujaipa ruhusa ya kusema. Na anayekuletea jina la mtu mkononi, mwangalie naye pia. Wewe ukishukiwa, usikimbie, na usipige kelele za kuapa. Waite waje waone mchana. Na siku ukweli ukitoka upande wako, usimtupe mwingine kwa lile kundi ili nawe upate kupumua.

Mungu akulinde barabarani na akulinde nyumbani, mwanangu. Akupe majirani wanaokwambia wazi wanachokufikiria, na akupe moyo wa kustahimili kukisikia. Mikono yako iwe safi mbele ya kila atakayeitazama. Nenda salama, na ufike.