Ras, Dva, Tri Kando ya Cherehani

Mimi nilikuwa nimeagiza nyimbo za kwaya. Yule bwana anayewajazia watu nyimbo karibu na soko la mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, alichukua flashi yangu asubuhi, akanirudishia kabla ya adhuhuri, akaniambia imejaa. Nikarudi nayo kwenye atelie yangu ya kushona, nikaichomeka kwenye televisheni ndogo inayotumia umeme wa jua, nikakaa nyuma ya cherehani kungoja sauti za kanisani. Badala yake wakatokea Wazungu wanane waliovaa nguo zinazong'aa kama magamba ya samaki, wakaanza kuruka.

Nilisimama! Sikumbuki kama niliamua kusimama. Miguu yangu tu iliniinua.

Kilikuwa kipindi cha zamani cha mazoezi kutoka televisheni ya Urusi, ingawa wakati huo sikulijua hilo. Nilichojua ni kwamba herufi za mwanzo zilikuwa ngeni, moja ikifanana na R iliyogeuka kutazama nyuma, na kwamba rangi za picha zilikuwa zimefifia kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi. Nyuma ya wachezaji kulikuwa na ngazi nyeupe ambazo hazikufika popote, na maua ya plastiki makubwa kuliko mtu. Muziki ulikuwa wa kinanda cha umeme kilichokuwa kama kina kwikwi. Mbele alisimama mama mmoja mwenye nywele nyingi zilizofungwa kitambaa kwenye paji la uso, na mkanda mpana kiunoni. Alikuwa anaruka na kurusha mateke huku uso wake ukiwa mkavu kabisa, kama msimamizi wa mtihani wa taifa. Pembeni yake kulikuwa na mwanamume mwenye masharubu mazito na kaptula fupi mno, anayefanya kila kitu akiwa amechelewa kidogo.

Mimi ni mshonaji, kwa hiyo nilianza na nguo. Nilisimamisha picha, nikasogeza pua karibu na kioo. Zile nguo zimekatwaje hata zikabana bila kuchanika mtu anapopanua miguu? Mshono wa ubavuni umepita wapi? Na zile soksi nene zisizo na vidole, zilizokunjwa kwenye muundi, ni za nini? Nilikuwa na suruali mbili za kumalizia siku hiyo, lakini sikugusa hata moja. Nikaachia picha iendelee. Mama wa nywele nyingi akainama kushoto, nami nikainama kushoto.

Lazima niseme kwamba mgongo wangu ulikuwa umenitesa kwa muda mrefu. Cherehani ya kukanyaga inaula mgongo polepole. Muuguzi wa kituo cha afya alishaniambia ninyanyuke, nijinyooshe, nitembee, nami nilikuwa nimeitikia vizuri sana kisha nikarudi kukaa. Sasa nilijikuta nimenyoosha mikono juu, jasho likinitiririka, nikicheka peke yangu.

Mlango ulifunguka. Alikuwa mama mkwe wangu, ambaye nakaa naye na ambaye hunisaidia kushona vifungo. Mume wangu anafanya biashara katika mji wa Misisi na huja mara chache, kwa hiyo nyumbani tuko wawili, mimi na mama yake.

"We mama, uko unafanya nini?" akauliza. "Mugongo imekuuma mupaka ikafika kichwa?"

"Ni mazoezi, mama. Ni dawa ya mugongo."

Akaitazama televisheni. Akafunika macho kwa mkono, kisha akafungua vidole viwili.

"Na bale bamama, nguo yabo ilibakiaka wapi?"

Nilidhani ataniamuru nizime. Aliketi. Alitazama mpaka mwisho bila kushona kifungo hata kimoja, kisha akasema, "Rudisha pale mwanzo. Ile ya mabega. Mi pia mabega inaniuma."

Tangu siku ile tukawa tunafungua atelie mapema, kabla ya wateja, na tunasogeza cherehani ukutani. Mama mkwe alifanya ya mikono akiwa kwenye kiti. Mimi nilifanya yote. Baada ya wiki chache nikaanza kulala vizuri, na nikagundua kwamba ninapoinuka kutoka kwenye cherehani sisemi tena "Yesu wangu".

Wa tatu kujiunga alikuwa mteja wangu, mama mkimbizi kutoka Burundi anayelima kando ya barabara ya ziwani. Alikuja kupima blauzi akatukuta katikati ya mateke. Aliweka kikapu chake chini, akakaza kitenge, akasimama nyuma yangu. Ee Mungu wangu, mwili wa yule mama! Alikuwa na watoto wakubwa, lakini mguu wake ulifika mahali ambapo wangu ulikuwa unapaona tu kwa mbali.

"Dada, ulijifunza wapi?" nikamwuliza.

"Kwa jembe," akajibu. "Mutu anayeinama siku nzima anajua pia kuinuka."

Kitu kimoja kilitusumbua, nacho ni maneno. Tulielewa haraka kwamba ras, dva, tri, chetiri ni kuhesabu, na tukawa tunahesabu kwa sauti pamoja na yule mama. Lakini kila baada ya dakika chache alikuwa anasema neno ambalo sote watatu tulilisikia wazi: "Uliba-yemsya!" Alikuwa analisema akitutazama usoni, kwa ukali, na papo hapo wale wa nyuma wakawa wanacheka.

"Anasema uliiba," mama mkwe akaamua. "Sasa nani aliiba?"

"Labda ni yule mwenye masharubu," nikasema.

"Apana. Ni ule mwembamba wa nyuma. Angalia vile anacheka. Muntu mwenye hajaiba hawezi kucheka vile."

Tulilijadili jambo hilo kwa majuma. Mama wa Burundi alikuwa na maoni kwamba kitu kilichoibwa ni nguo zao, ndiyo maana wamebaki na zile.

Jibu lilikuja na suruali. Mzee mmoja, daktari wa mifugo aliyestaafu, alikuja nimpunguzie kiuno cha suruali yake. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha kwa miguu huko juu kwenye milima ya Minembwe, akitibu ng'ombe, na sasa alikuwa ameteremka kukaa na binti yake hapa Baraka. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Alikuta televisheni inacheza. Akasimama mlangoni, suruali mkononi, asiingie wala asitoke.

"Mama," akasema taratibu, "hiyo mumeipata wapi?"

Kabla sijajibu, yule mama kwenye kioo akatamka jambo, na mzee akalirudia pamoja naye, neno kwa neno, kwa matamshi yale yale! Mama mkwe aliangusha sindano.

Akatueleza. Wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire, akiwa kijana, serikali ilimpeleka Urusi kusomea tiba ya wanyama. Bweni lao lilikuwa na televisheni moja tu, chini, ukumbini. Asubuhi za baridi kali, wapishi na wafagiaji wa bweni walikuwa wanasimama mbele yake kufanya mazoezi kama haya, naye akajiunga nao kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kupata joto. "Nilikuwa naogopa baridi kuliko mitihani," akasema. Aliporudi, hakupata mtu wa kuzungumza naye Kirusi. Huko Minembwe alikuwa anakizungumza na ng'ombe, ili kisipotee.

Nikamwuliza mara moja, maana nisingevumilia: "Na uliba-yemsya, ni nani aliiba?"

Alitutazama bila kuelewa. Tulipomwelezea, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kwa kitambo sikujua tena kama ni ya kicheko.

"Hakuna mwizi," akasema. "Anawaambia mutabasamu. Mazoezi iko ngumu, lakini tabasamu."

Nasi tulikuwa tumemsingizia yule mwembamba muda wote huo! Mama mkwe alikwenda mbele ya televisheni akamwomba radhi.

Kuanzia hapo mzee akawa mwalimu wetu wa maneno. Alituambia yule mama anaposema spinku, tunyooshe mgongo, na anaposema dishim, tupumue. Kumbe tulikuwa tunaruka nusu saa nzima bila kupumua sawasawa. Wanawake wakaongezeka mpaka atelie ikajaa, tukahamia uani.

Maneno ya mtaani yalifika kanisani, na kiongozi wa akina mama wa parokia alikuja kuona kwa macho yake hiyo filamu ya aibu aliyoambiwa tunaitazama. Nilimpa kiti cha mbele. Akatazama yote, uso wake mkavu kama wa yule Mrusi. Mwishoni akaniambia, "Kile kitambaa cha kichwa, utanishonea?" Na kabla ya kuondoka akatuandikisha kwenye gwaride la tarehe nane Machi, siku ya wanawake.

Nilishona kama mwenye homa. Nguo zao hatungeweza kuzivaa, na wala hatukutaka, kwa hiyo nilikata sketi fupi za kitenge za kuvaliwa juu ya suruali, zenye lastiki kiunoni ili mguu upite. Vitambaa vya kichwa nilivitoa kwenye mabaki. Zile soksi zisizo na vidole nilizitengeneza kwa mikono ya sweta za mitumba. Kwa joto la Baraka ulikuwa wazimu mtupu, lakini hakuna mama hata mmoja aliyekubali kuziacha.

Siku ilipofika, uwanja wa mpira ulijaa. Vikundi vilipita mbele ya hema la viongozi: kwanza walimu, wauza samaki, wauguzi, kisha tukaitwa sisi. Tulijipanga. Mama mkwe tulimweka mbele kabisa, kwenye kiti chake cha plastiki, akitazamana na hema. Muziki ukaanza, tukapiga hatua nne, na spika ikakata sauti.

Uwanja mzima unatutazama na soksi zetu. Niliganda, mguu mmoja mbele. Kisha nyuma yangu nikasikia sauti ya mama wa Burundi, ile ile anayoitumia kuwafukuza ndege shambani: "Ras!"

"Dva!" tukajibu.

"Tri!"

"Chetiri!"

Tukaruka! Vumbi likapanda. Watu pembeni wakaanza kupiga makofi kwa hesabu yetu, na kufikia mateke walikuwa wanahesabu pamoja nasi, Kirusi, umati mzima! Sijawahi kuhisi mwili wangu ukiwa mwepesi vile. Ndipo mama mkwe, mikono yote miwili ameinyoosha kuelekea hema la viongozi, akapaaza sauti yake yote:

"Ulibayemsya!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Mshereheshaji akaja mbio na kipaza sauti. "Mama, unasema nani aliiba?" Watu walikuwa wanajishika mbavu. Mzee wa mifugo alitoka kwenye umati, akachukua kipaza sauti kwa heshima, akaeleza kwamba mama amezungumza Kirusi, na kwamba amewaomba waheshimiwa watabasamu. Waheshimiwa waliangaliana. Kisha mkubwa wao akacheka kwa sauti, na wengine wote wakapata ruhusa. Tulimalizia mikono na shingo kwa vigelegele.

Jioni hiyo tulikula mikebuka, samaki wa ziwani, wa kuchoma, nyumbani kwangu, bado tumevaa vitambaa vya kichwa. Wanawake wawili kutoka Lubondja, waliokuwa wamekuja kwenye sherehe, walitufuata hadi uani. Walitaka mtu wa kwenda kuwafundisha kijijini kwao. Wote walinigeukia mimi, nami nikamwonyesha mama wa Burundi, kwa sababu nilikuwa nimeganda pale uwanjani, na yeye hakuganda.

Alikwenda Jumamosi iliyofuata kwa pikipiki. Aliporudi hakupitia kwake, alikuja moja kwa moja kwangu, vumbi hadi kwenye kope.

"Dada, balitoka shambani na majembe," akasema, akihema. "Nikabaambia baiweke chini. Baliiweka, bakanipangia mistari. Na unajua baliniita nani? Miaka yote niko hapa naitwa mukimbizi. Leo baliniita mwalimu."

Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, akavua viatu, akaanza kunionyesha kwa vidole vya miguu jinsi bibi mmoja wa kule alivyorusha teke.